Utepe wa Bluu kwenye Taulo Nyeupe: Uchambuzi wa Kisa cha Ukaguzi wa Malighafi za Ndala za Ndani

Usuli

Karakana inayozungumziwa hapa iko Dar es Salaam, ina watu 14, na kazi yake kubwa ni kushona viatu laini vya kuvaliwa ndani ya nyumba, hasa ndala za kitambaa zilizofungwa mbele na kuachwa wazi kisiginoni. Majina na kila alama inayoweza kuitambulisha karakana, mteja wake au wauzaji wake vimeondolewa. Hesabu zimeachwa kama zilivyokuwa katika daftari la stoo, kwa kuwa bila hesabu kisa hiki hakifundishi kitu. Mimi niliitwa baada ya tatizo kujitokeza, hivyo yaliyotangulia nimeyapata kwenye daftari hilo, kwenye fomu za kupokelea mzigo, na kwa kuzungumza na wahusika mmoja mmoja.

Mwanzoni mwa masika karakana ilipata oda ya jozi 2,400 kutoka kwa nyumba ya wageni ya pwani, kwa bei ya shilingi 6,500 kwa jozi. Mteja alitaka ndala nyeupe za kitambaa cha taulo, zilizozungushiwa utepe wa bluu iliyokolea ukingoni. Alisisitiza kwamba hazitakuwa za kuvaliwa na mgeni mmoja na kutupwa, bali zitafuliwa kwa mashine katika maji ya nyuzijoto 60 na kuvaliwa tena. Sharti hilo la kufuliwa ndilo linaloitofautisha oda hii na nyingine zote ambazo karakana ilikuwa imewahi kushona, na msomaji aliweke akilini.

Kila jozi ilihitaji malighafi tano: kitambaa cha taulo cha pamba kwa sehemu ya juu na ya kukanyagia, EVA ya milimita 5 kwa ndani (sponji ngumu ambayo hutengenezewa pia kandambili), EVA ya milimita 4 yenye mistari kwa soli, gundi, na utepe wa kupindia ukingo. Uzi karakana ilikuwa nao tayari.

Yaliyokaguliwa vizuri

Ni haki kuanza na sifa, kwa sababu watu hawa hawakuwa wazembe. Kitambaa kilipofika, majora 7 ya mita 50 kila moja na upana wa mita 1.5, fundi mkuu hakukubali kukiingiza stoo kwa kuhesabu majora tu. Alikata kwa kila jora mraba wa sentimita 10 kwa 10, akaupima kwa mizani ndogo ya sonara. Mraba wa ukubwa huo ni sehemu moja ya mia ya mita ya mraba, kwa hiyo ukiwa na gramu 3.00, kitambaa kina gramu 300 kwa mita ya mraba, na hicho ndicho kiwango kilichoagizwa. Majora 6 yalisoma kati ya gramu 2.95 na 3.08. La saba lilisoma 2.61. Kwa macho na kwa mkono halikutofautiana na mengine. Mimi mwenyewe nilipolishika baadaye sikuweza kulitambua.

Muuzaji alijaribu kujitetea kwamba mizani ya sonara si ya kupimia nguo. Fundi mkuu alimjibu kwa hoja ambayo ningependa kila mpokea mizigo aijue. Pamba huvuta unyevu: katika hewa ya maabara, yaani nyuzijoto 20 na unyevu wa asilimia 65, hubeba maji yapatayo asilimia 8.5 ya uzito wake mkavu, na hewa ya Dar es Salaam wakati wa mvua huzidi hapo. Kwa hiyo kama mizani ilikosea, ilikosea kwa kumpendelea muuzaji. Jora lilirudishwa.

Kisha akafanya jaribio la kurudi. Kitambaa cha pamba hurudi kinapofuliwa, na katika ndala jambo hilo lina uzito kuliko katika shati, kwa kuwa taulo hushonwa juu ya EVA, na EVA hairudi kwa maji. Alichora mraba wa sentimita 50 kwa kalamu isiyofutika kwenye kipande kikubwa zaidi, akakifua mara tatu katika maji ya nyuzijoto 60, akakikausha na kupima upya. Upande wa mtande (nyuzi za urefu wa jora) ulikuwa umebaki sentimita 46.5, na upande wa mshindio (nyuzi za upana) 48.5, upungufu wa asilimia 7 na asilimia 3. Kwa kipande cha kukanyagia chenye urefu wa sentimita 28, asilimia 7 ni karibu sentimita 2. Taulo ikivutwa kiasi hicho juu ya sponji isiyosogea, ndala hujikunja ncha zote mbili kama papa mkavu.

Wengine karakanani walipendekeza kupanua kiolezo kwa asilimia 7. Pendekezo hilo linavutia lakini lina kosa: kipande kilichopanuliwa kikishonwa kwenye EVA ambayo haikupanuliwa, ndala mpya itakuwa na mikunjo hadi ifuliwe, na mteja huipokea kabla ya kuifua. Uamuzi ukawa kufua majora yote kabla ya kukata. Gharama yake haikuwa ndogo, kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha na ilibidi kukodi ukumbi wa kuanikia kwa siku nne. Aidha kitambaa chenyewe kilipungua: hata muuzaji akilibadilisha lile jora bovu, mita 350 zingebaki takriban mita za mraba 473, wakati kazi ilidai 480. Liliagizwa jora la nane.

Kwenye EVA walitumia utaratibu wa sampuli wa ISO 2859-1 (ISO ni shirika la kimataifa la viwango), ambao kwa mzigo wa shiti 96 na kiwango cha kawaida cha ukaguzi hutaka sampuli 20. Katika shiti 20 za milimita 5, nne zilikuwa na pembe zenye unene wa chini ya milimita 4.5, jambo lililotosha kuukataa mzigo mzima; walikubaliana na muuzaji wazipime zote, na 17 zikabadilishwa. Gundi walibandikia vipande vya upana wa sentimita 3, wakaviacha siku nzima, wakaviloweka katika maji ya moto yenye sabuni, halafu wakavivuta kwa mizani ya ndoano. Ilishika vizuri.

Kilichopita bila kukaguliwa

Utepe ulinunuliwa Kariakoo: roli 50 za mita 100, upana wa milimita 22, kwa shilingi 4,000 kila roli. Jumla ni shilingi 200,000, wakati malighafi zote za oda ziligharimu takriban milioni 8.4. Mtunza stoo alihesabu roli, akafungua moja iliyokuwa juu kwenye boksi, akailinganisha na kipande cha rangi alichokubali mteja, akaona zinafanana. Kwenye fomu ya kupokelea mzigo, chini ya maneno "Malighafi zimekaguliwa", kulikuwa na nafasi moja tu ya sahihi. Fundi mkuu, ambaye wakati huo alikuwa na furaha ya kumshinda muuzaji wa taulo na muuzaji wa EVA, aliweka sahihi yake.

Nilimwuliza kwa nini utepe haukufuliwa pamoja na taulo. Jibu lake lilikuwa la ukweli: "Huo ni wa kumalizia tu."

Mlolongo wa matukio

Ushonaji ulianza na kuendelea kwa kasi ya jozi kama 130 kwa siku. Siku ya tatu, jozi 380 zikiwa zimekamilika, mama mmoja wa cherehani aliyekuwa akinyoosha ukingo kwa pasi ya mvuke alisimama na kumwendea fundi mkuu akiwa ameinua kidole cha shahada. Ncha ya kidole ilikuwa na rangi ya samawati hafifu.

"Fundi, hebu tazama. Huu utepe unatoa rangi."

"Hiyo ni chaki, mama. Nawa mikono uendelee."

Jibu hilo halikuwa la dharau wala la kipuuzi. Wakataji walikuwa wakichora kwa chaki ya bluu, na vidole vya bluu vilikuwa jambo la kila siku pale. Lakini mama yule hakuwa mkataji, na chaki hupakwa upande wa ndani wa kitambaa, ambao yeye alikuwa haugusi. Alinawa, akaendelea. Zikapita siku mbili.

Siku ya tano alirudi, safari hii na ndala yenyewe. Mahali mvuke ulipokuwa umetulia kidogo zaidi ya kawaida, mstari wa bluu mpauko ulikuwa umetoka kwenye utepe na kuingia milimita mbili hivi ndani ya taulo. Fundi mkuu aliloweka kitambaa cheupe cha pamba, akakisugua kwenye ukingo mara kumi, akakifungua chini ya taa. Hakusema neno. Alizima swichi kuu ya cherehani zote.

Jozi zilizokamilika zilikuwa 640.

Jioni hiyo walifua jozi sita kwa nyuzijoto 60. Zilitoka na ukingo wote wa taulo umekuwa rangi ya maji ya bahari. Asubuhi walisugua roli zote 38 zilizobaki kwa kitambaa chenye maji: 23 zilichuja, 15 hazikuchuja kabisa. Ndipo mtu alipotazama ndani ya mirija ya karatasi ya roli hizo na kuona kwamba zilikuwa na namba mbili tofauti za bechi. Boksi moja lilikuwa limejazwa kutoka kwa uzalishaji wa aina mbili, na roli iliyokuwa juu, ile iliyolinganishwa na rangi ya mteja, ilikuwa ya bechi nzuri.

Maamuzi na sababu zake

Swali la kwanza lilikuwa ni jozi zipi kati ya 640 zilizoshonwa kwa utepe mbovu. Hapakuwa na kumbukumbu ya roli ipi ilitumika siku gani, wala kwenye cherehani ipi. Njia pekee iliyobaki ilikuwa kusugua kila jozi moja moja, na kazi hiyo ilichukua siku nzima ya watu sita. Jozi 412 zilichuja. 228 zilikuwa salama.

Swali la pili lilikuwa kama rangi ingeweza kushikishwa. Mmoja wa mafundi alishauri siki na chumvi, dawa ambayo wengi tumeikuta majumbani. Walijaribu kwa jozi sita, wakapoteza jozi sita. Chumvi husaidia rangi kuingia kwenye pamba wakati wa kutia rangi, ndani ya pipa la kiwandani. Baada ya hapo haina kazi ya kushikiza. Siki nayo inafaa kwa sufu na hariri zinapotiwa rangi za asidi, si kwa pamba. Utepe unaochuja namna ile ama umetiwa rangi isiyofungamana na uzi, ama umetiwa rangi inayofungamana lakini haukusuuzwa kwa maji ya moto na sabuni hadi mabaki yatoke. Kwa vyovyote, kasoro hiyo ni ya kiwandani, na haitibiwi kwenye beseni.

Swali la tatu ndilo lililoleta ubishi mkubwa, nalo ni kama mteja aambiwe. Mwenye karakana alitaka kwanza atafute utepe mpya, afumue, ashone upya na kusema tu kwamba mvua imechelewesha kazi. Fundi mkuu alipinga, kwa sababu ya kiufundi zaidi kuliko ya kimaadili: alijua kwamba ndala zilizofumuliwa zisingefanana kabisa na zilizobaki, na mteja angeona. Mteja akapigiwa simu siku hiyohiyo.

Hofu ya fundi mkuu ilithibitika. Sindano huacha tundu kwenye EVA, na tundu hilo halizibi. Ukishona mara ya pili juu ya mstari uleule, ukingo hutoboka kama wa stempu na kuchanika mguu unapokunja. Jozi za kwanza zilizoshonwa upya kwa utepe wa upana uleule zilianza kuachia kwenye vidole, na hadi walipogundua, jozi 57 zilikuwa zimeharibika kiasi cha kuhitaji EVA mpya. Kuanzia hapo walinunua utepe wa milimita 25 ili mshono mpya uingie ndani kidogo na kupata EVA isiyotoboka. Mteja alikubali tofauti hiyo ya milimita 3, mradi ndala za aina mbili zisiwekwe katika chumba kimoja.

Matokeo

Jozi zote 2,400 zilikabidhiwa, siku 9 baada ya tarehe ya mkataba. Mteja alikata asilimia 5 ya malipo, yaani shilingi 780,000, kama mkataba ulivyoruhusu. Kufumua na kushona upya kulichukua wastani wa dakika 20 kwa jozi, ambazo kwa jozi 412 ni zaidi ya saa 137 za kazi, na hizo karakana ililipa kama saa za ziada. Muuzaji wa utepe hakurudisha chochote. Risiti ilisema "utepe wa bluu, mm 22, roli 50", na kwa maneno hayo alikuwa ameleta kila kilichoagizwa.

Taulo haikuleta lalamiko hata moja. Mteja alieleza miezi kadhaa baadaye kwamba ndala zilikuwa bado zimenyooka.

Uchambuzi

Ni rahisi kumlaumu mtunza stoo, au kusema utepe ulisahauliwa. Sikubaliani na maelezo hayo. Utepe haukusahauliwa, ulipewa uangalizi uliolingana na bei yake. Ukiifuata fomu utaona muda wa ukaguzi ukishuka sawasawa na gharama: taulo siku tano, EVA siku mbili, gundi siku moja na nusu, utepe dakika chache. Huo ni mpangilio wa mhasibu, na kwa mhasibu ni sahihi, kwa kuwa hasara yake kubwa iwezekanayo kwenye utepe ni shilingi 200,000. Lakini kwenye ndala utepe haukai peke yake. Unagusa taulo kwa urefu wake wote, karibu mita 1.9 kwa kila jozi, na kila unachoweza kuharibu kimeshonwa juu yake. Thamani iliyokuwa hatarini ni ya ndala nzima.

Kwa mtazamo huo mpangilio unageuka. Rangi iliyokolea inayokaa kando ya nyeupe, katika kitu kitakachofuliwa kwa maji ya moto, ndiyo ingetangulia kujaribiwa, tena ndiyo rahisi kuliko zote. Jaribio rasmi la kusugua, ISO 105-X12, hutumia kitambaa cheupe cha pamba, misuguo 10 ya kwenda na kurudi kwa mkandamizo wa nyutoni 9, kikavu na kisha chenye maji, na doa hupewa alama kati ya 1 na 5 kwa kulilinganisha na kadi ya vipimo vya kijivu, yenye rangi ya kijivu ya viwango mbalimbali. Anayehitaji hati ya maabara atahitaji maabara. Anayetaka tu kujua kama utepe unachuja anahitaji leso nyeupe na glasi ya maji. Fundi mkuu mwenyewe alilifanya siku ya tano, bila kifaa kingine chochote.

Kuhusu sampuli, hesabu inastaajabisha kidogo. Kati ya roli 50, mbovu zilikuwa takriban 31 (23 zilizopatikana stoo, na kama 8 kwa kukisia kutokana na jozi zilizochuja). Kama ingechukuliwa roli moja tu bila kuchagua, na ikasuguliwa, uwezekano wa kuigundua kasoro ulikuwa asilimia 62. Kwa roli tatu, uwezekano wa kuokota zote nzuri ni kama mara 1 katika 20. Utaratibu uleule wa ISO uliotumika kwa EVA ungetaka roli 8 kwa mzigo wa 50, na kwa roli 8 kasoro isingeweza kupita ila kwa mara 1 katika 7,000 hivi. Mtunza stoo alifungua roli moja, lakini ilikuwa ya juu, na aliitazama badala ya kuisugua. Boksi likishafunguliwa, macho huona rangi. Hayaoni kama rangi imeshika.

Kosa lingine lilitangulia mzigo wenyewe kwa wiki sita. Jozi ya mfano aliyoidhinisha mteja ilishonwa kwa vipande vya madukani, si kwa mzigo uliokuja kununuliwa, na haikuwahi kufuliwa, si na karakana wala na mteja, ingawa kufuliwa ndilo lilikuwa sharti kuu la oda. Kama jozi moja ingeshonwa kutoka kwa majora, shiti na roli zilizofika stoo, kisha ikafuliwa mara tano kabla kisu hakijagusa kitambaa kingine, ingeonyesha kujikunja kwa taulo na kuchuja kwa utepe kwa pamoja. Majaribio ya kila malighafi peke yake yana kazi yake, hasa pale unapotaka kumrudishia muuzaji mzigo na kumwambia kwa nini. Hayawezi kukuambia malighafi mbili zitafanyana nini.

Siku mbili zilizopotea kwa ajili ya chaki ziligharimu jozi 260. Sidhani tatizo lilikuwa kutomsikiliza mama wa cherehani; alisikilizwa na akajibiwa. Tatizo ni kwamba jibu lilikuwa na mantiki ya kutosha kumfanya fundi mkuu asiinuke, na kulikuwa na fomu stoo yenye sahihi yake iliyosema malighafi zimekaguliwa. Mtu aliyekwisha kukamata jora pungufu la gramu 39 kwa mita hutarajia kwamba hakuna kilichompita. Kwa maana hiyo ukaguzi mzuri wa taulo ulichangia kuficha ubovu wa utepe, nami naona hilo ndilo gumu zaidi kulizuia, maana halitokani na uvivu.

Kuhusu kumbukumbu sina mengi. Kuandika namba ya bechi ya utepe kwenye kibandiko cha kila fungu la jozi 20 kungepunguza kazi ya kusugua jozi 640 hadi kusugua mafungu machache, na kungeipa karakana hoja mbele ya muuzaji. Hoja yenyewe pia ingehitaji hati ya kuagiza yenye maneno machache zaidi: rangi isichuje katika maji ya nyuzijoto 60, roli zote ziwe za bechi moja.

Karakana imebadilisha fomu. Neno "malighafi" limeondolewa, na badala yake kuna mistari mitano, kila mmoja kwa malighafi moja, wenye nafasi yake ya sahihi na nafasi ya kubandika kipande cha kitambaa kilichosuguliwa. Mistari minne husainiwa na fundi mkuu. Wa utepe husainiwa na yule mama wa cherehani.